Ngoma na Masimulizi ya Nyumbani

Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya Kamati katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kiserian



Habari za fedha mmekwisha kuzisikia kwa kinywa cha Mweka Hazina, na habari za misiba, za wagonjwa na za karo za watoto mmezipata kwa Katibu. Sisi tumepewa saa hii ya baada ya chai, saa ambayo hata msemaji hodari hushindana na usingizi, tupate kusema juu ya jambo lisilomo katika daftari za hesabu. Jambo lenyewe ni ngoma. Na pamoja na ngoma, masimulizi ya nyumbani. Na pamoja na hayo mawili, kosa tulilolifanya sisi wenyewe, ambalo hatupendi lisahauliwe kwa sababu tu halikuandikwa.

Mnakumbuka matanga ya mwaka juzi, ya mzee wetu mmoja aliyekuwa mwanachama tangu siku za kwanza. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa jamaa zake wameomba hivyo, na wengi wenu mnalijua. Usiku wa mkesha, baada ya michango kusomwa, mjane wake aliinuka. Alikuwa mama wa miaka zaidi ya 80, mzaliwa wa Machakos, mtu wa maneno machache. Alisema kwamba hataki kutoa hotuba, bali anataka kusimulia hadithi moja ya ukoo wa mumewe, na kwamba mjukuu wake ataisindikiza kwa ngoma kama walivyozoea nyumbani. Binti huyo, wa kidato cha pili wakati ule, alikuwa amekwisha kuketi na ngoma yake magotini. Ndipo mmoja wetu akasimama akasema kwamba ngoma si kazi ya mwanamke, na tena matanga si mahali pa mchezo. Maneno yalikuwa ya mtu mmoja, lakini kimya kilichofuata kilikuwa chetu sote. Hakuna mwanakamati hata mmoja aliyefungua kinywa. Mama yule akaketi. Binti akaifunika ngoma yake kwa leso, na mkesha ukaendelea kwa nyimbo zilizotoka katika spika za kukodi, ambazo chama ndicho kilichozilipia.

Mama yule naye tulimzika mwaka huu, katika mvua za masika.

Baada ya maziko hayo Kamati iliona haya. Tulimwita mjukuu pamoja na wazazi wake, tukawaomba radhi, kisha tukamwuliza binti swali ambalo tulipaswa kumwuliza usiku ule: jambo hili ulilitoa wapi? Akajibu kwamba mapigo aliyapata kwa nyanya yake, lakini ushujaa wa kuyapiga mbele ya watu aliupata kwa mwanamke aliyemwona katika simu ya kaka yake, anayeitwa Kasiva Mutua.

Kwa wale wasiomjua, Kasiva Mutua ni mpigaji ngoma wa Kenya hii yetu. Amesafiri nchi nyingi pamoja na Nile Project, kundi lililoanzishwa mwaka 1. . . tuseme sawasawa, mwaka 2011, ili kuwakusanya wanamuziki wa nchi zinazokunywa maji ya mto Nili. Mwezi wa Agosti 2017 alihutubia mkutano wa TED uliofanyika Arusha, na hotuba yake ilihusu jinsi anavyotumia ngoma kusimulia habari zake mwenyewe. Habari hiyo inaanzia nyumbani, maana mapenzi ya mapigo yalimwingia kwa njia ya hadithi alizosimuliwa na nyanya yake. Alieleza pia kwamba katika jamii nyingi za Afrika mwanamke aliachiwa kuimba, kupiga makofi na kucheza, lakini ngoma yenyewe akanyimwa. Yeye hakukubali kunyimwa, na tena amewafundisha wengine. Binti wetu alipoyaona hayo aligundua kwamba yale aliyoyafanya na nyanya yake jikoni, kwa mtungi wa plastiki wa lita 20 kabla hajanunuliwa ngoma, ni kazi yenye heshima yake duniani.

Tulimwomba basi atuonyeshe kile tulichomkataza. Ilikuwa mwezi wa Julai, na nyote mnajua Julai ya Kiserian, ukungu unapoteremka kutoka vilima vya Ngong na kukaa juu ya mabati mpaka saa nne za asubuhi. Ngozi ya ngoma hupokea ubaridi huo ikalegea, sauti ikawa kama ya mtu mwenye mafua. Binti hakuanza mpaka alipoiinamisha ngoma kando ya jiko la makaa, akaigeuza polepole, akaijaribu kwa kidole, akaigeuza tena. Sisi tulidhani anachelewa kwa woga. Kumbe ndivyo alivyofundishwa. Nyanya yake alikuwa akiutumia muda huo huo kukumbuka.

Hadithi ilikuwa ya mwaka 1938. Wazee wanaijua: Serikali ya wakoloni ilisema kwamba nchi ya Ukambani inaharibika kwa wingi wa mifugo, ikaanza kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu na kuwauza kwa bei duni. Watu wakaondoka Machakos kwa miguu, maelfu, wanaume kwa wanawake, wakaenda Nairobi kumwona Gavana, wakapiga kambi huko wiki nyingi. Kiongozi wao alikuwa Muindi Mbingu, ambaye baadaye alikamatwa akapelekwa kuzuiliwa Lamu, na ambaye jina lake liko katika barabara ya Nairobi ambayo wengi wetu tunaipita bila kuuliza alikuwa nani. Katika watu wale alikuwamo mama mkwe wa yule mjane wetu, akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye mzee tuliyemzika mwaka juzi.

Sasa sikilizeni jinsi binti alivyosimulia, kwa kuwa hapo ndipo tulipojifunza. Hakupiga ngoma kwanza halafu akasema, wala hakusema kwanza halafu akapiga. Alianza na pigo moja zito kwa kiganja katikati ya ngozi, yakafuata mawili mepesi kwa vidole ukingoni. Zito, jepesi, jepesi. Mwendo wa mtu aliyebeba mzigo. Akaurudia mwendo huo mpaka masikio yetu yakauzoea, ndipo maneno yakaingia juu yake kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayezungumza na jirani. Alipofika mahali pa kusimulia ng'ombe waliotwaliwa, mwendo ukakoma. Akapiga pigo moja kwa kila ng'ombe wa boma lile, na baada ya kila pigo akaacha nafasi. Ng'ombe walikuwa kumi na mmoja. Hakuitaja hesabu hiyo kwa mdomo, wala hapakuwa na haja, kwa sababu sote tulikuwa tukihesabu, na baada ya lile la kumi na moja tulisubiri jingine ambalo halikuja.

Wanachama, katika vitabu mtasoma kwamba mifugo mingi ilichukuliwa. Sisi tulioketi katika chumba kile tuliwakosa ng'ombe kumi na mmoja kana kwamba ni wetu.

Tukamwuliza kwa nini nyanya yake hakusimulia tu kwa maneno matupu. Majibu yake yalikuwa ya mtu aliyekwisha kulifikiri jambo. Kwanza, alisema, ngoma humpa msimulizi nafasi ya kutafuta neno bila kuona haya. Anayezungumza akinyamaza watu hudhani amesahau, lakini mapigo yakiendelea watu husubiri kwa raha. Pili, mahali pa hadithi hukumbukwa kwa mkono hata ulimi ukisahau. Nyanya yake katika mwaka wake wa mwisho alikuwa akipotewa na majina. Basi mjukuu alikuwa akipiga ule mwendo wa safari, na jina likarudi. Tatu, ngoma huwafanya wasikilizaji kuwa na kazi. Hili la tatu twalijua wenyewe ingawa hatukuwahi kulifikiri. Nani kati yetu hakulelewa kwa "Paukwa!" na "Pakawa!"? Nyumba za Wakikuyu msimulizi huwaamuru watu waseme "itha" kabla hajafungua hadithi, na asipojibiwa haendelei. Mwito na itikio, mwito na itikio: hayo ni mapigo tayari, yamekosa ngozi tu. Na lugha yetu ya Kiswahili, kwa hekima yake, hutumia neno moja, ngoma, kwa chombo kinachopigwa, kwa mchezo unaochezwa, na kwa shughuli nzima ya watu waliokusanyika.

Tulisema kwamba tutazungumza juu ya kosa. Yule mwenzetu aliyesimama usiku wa mkesha hakusema uongo mtupu, na hatupendi ashambuliwe. Ni kweli kwamba mahali pengi ngoma ilikuwa ya wanaume. Huko Burundi, ngoma za kifalme ziliandikwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa wanadamu, na mwezi wa Oktoba 2017 ikatoka amri ya Rais iliyokataza wanawake kuzipiga. Basi mtu anayesema kwamba katazo hilo ni ndoto ya wazee wachache hajui habari za jirani zake.

Lakini si kweli kwamba ndivyo ilivyokuwa Afrika nzima. Mwenzetu huyo aliposimama tena katika kikao cha Kamati na kuyasema yale yale, mama mmoja aliyekuwa akigawa chai, wala si mwanakamati, alimwuliza kwa upole: "Baba, na kilumi kilipigwa na nani?" Wale wasiotoka Ukambani labda hawajui kwamba kilumi ni ngoma ya akina mama wazee, ya kuomba mvua na ya kuponya, na kwamba wanawake wenyewe huzishika zile ngoma ndefu. Mwenzetu alinyamaza, kisha akacheka, na kwa heshima yake tunaandika kwamba ndiye aliyepeleka hoja ya leo. Wagogo wa Dodoma nao wana ngoma iitwayo muheme, ambayo wanawake huipiga wakiwa wameibana mapajani. Na Unguja, hayati Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana kwa sauti yake ya taarab, lakini alikuwa pia mpiga msondo na mwalimu wa unyago; mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, na aliendelea kupiga ngoma akiwa na umri ambao wengi wetu tutakuwa tumekwisha kuandikiwa hotuba za mazishi.

Mfano unaotugusa zaidi sisi wa vyama vya kusaidiana unatoka Rwanda. Mwaka 2004, katika mji wa Huye, Bibi Odile Gakire Katese alianzisha kundi la wanawake wapiga ngoma liitwalo Ingoma Nshya, maana yake ngoma mpya. Katika nchi ile pia ngoma ilikuwa kazi ya wanaume. Ilikuwa miaka kumi tu tangu mauaji ya halaiki ya 1994, na aliwapokea wanawake wa pande zote, waliofiwa na wale ambao jamaa zao walikuwa wauaji, wakaketi mbele ya ngoma moja. Mwaka 2010 wanawake hao wakafungua duka la aiskrimu kwa ushirika. Hapa Mweka Hazina alituomba tutulie kidogo, maana alikuwa akiandika.

Bibi Katese hakuishia hapo. Aliwaomba watu waandike barua kwa marehemu wao, baba, mama, nyanya, mtoto, na kutokana na barua hizo akatunga mchezo uitwao The Book of Life, ambamo barua husomwa na wanawake wa ngoma hupiga. Mwaka 2022 mchezo huo ulionyeshwa katika Tamasha la Kimataifa la Edinburgh, kule Uskoti. Haya ndiyo aliyotaka kuyafanya mama wa Machakos katika matanga ya Kiserian, kumzungumzia mumewe mbele ya ngoma. Watu wa Edinburgh walinunua tiketi. Sisi tuliletewa bure tukakataa.

Katika kikao kile kile mzee wetu wa Kimaasai, ambaye kwa hakika ni mwenyeji wa sisi sote hapa, alitaka kusema. Jina lenyewe la Kiserian latukumbusha neno la lugha yake, eserian, yaani amani, na husema kwa namna hiyo. Alisema: "Ninyi mnagombania ngoma. Sisi hatukuwa nayo." Wamaasai hawakutegemea ngoma ya ngozi. Kiongozi wa wimbo, olaranyani, hutupa maneno, na vijana humwitikia kwa mvumo wa kooni unaopanda na kushuka pamoja na pumzi. Miguu hupiga ardhi, na shanga za akina mama hutikisika mabegani. Mzee alieleza kwamba babu yake alihamishwa Laikipia pamoja na ng'ombe, katika uhamisho ule wa 1911 hadi 1913 uliowaleta Wamaasai wengi huku kusini, na kwamba habari hiyo yeye aliisikia usiku, babu akigonga fimbo yake chini mahali pa kila mto waliouvuka. Kisha akatugongea sisi sakafu ya saruji kwa fimbo yake mwenyewe. Tangu siku hiyo Kamati imekubali kwamba katika maneno yetu, "ngoma" ni fimbo pia, na kayamba, na njuga, na debe, na kiganja juu ya goti.

Wapo wanaouliza kuhusu kanisa, na ni haki yao. Wazee kati yenu wanakumbuka kuambiwa na wazazi wao kwamba aliyepiga ngoma alitengwa na meza ya Bwana. Siku hizo zimepita. Huko Kongo misa ilirekodiwa kwa ngoma mwaka 1958, ile iitwayo Missa Luba, na baada ya Mtaguso wa Vatikano wa 1962 hadi 1965 mlango ulifunguliwa wazi. Leo piteni barabara ya Magadi siku ya Jumapili, kutoka Ongata Rongai mpaka Kona Baridi, mtasikia ngoma na kayamba kabla ya kuusikia mnara wowote. Hatutalikalia jambo hili zaidi.

Limebaki lile gumu. Binti alipokuwa akitusimulia, mwendo uliendelea mpaka watu wakafika Nairobi, mtoto mgongoni akiwa na homa. Hapo akabadilisha mapigo, akawa anapapasa ngozi kwa ncha za vidole, kama mvua ndogo. Akasema: mwanamke mmoja wa mjini alitoka nyumbani kwake akawapa uji, akamchukua mtoto ndani siku tatu mpaka homa ikashuka. Kisha akaacha. Tulidhani ni zile nafasi zake za kusudi, tukasubiri. Akaweka mikono juu ya ngozi akasema, "Hapa susu alikuwa anataja jina la huyo mama, na kabila lake, na jinsi mzee alivyomtafuta alipokuwa mtu mzima. Tulikuwa tunajifunza sehemu hiyo ya mwisho pamoja. Alisema ataisema yote siku ya matanga, halafu ndipo nitaishika."

Siku ya matanga tulimketisha. Baada ya hapo, binti alisema, nyanya yake hakuitaka tena ngoma ile ndani ya nyumba, na mjukuu hakuthubutu kumwuliza. Kwa hiyo mtoto huyu anayo mapigo ya jina asilolijua. Anayapiga barabara, tumeyasikia: manne ya haraka na moja la polepole.

Bwana Mwenyekiti, Kamati inaleta mbele ya mkutano mambo machache. Katika kila matanga ya mwanachama, kabla ya michango kusomwa, wapewe jamaa nusu saa ya kusimulia, kwa ngoma au bila ngoma, mwanamume au mwanamke. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi wa pili, ukumbi huu uwe wa wazee na wajukuu wao, na mzee asiye na mjukuu karibu atapewa wa kuazima. Watoto wako tele. Masimulizi yarekodiwe kwa simu ya Katibu, kwa ruhusa ya wenyewe, na nakala wapewe jamaa. Marehemu wengi wetu wameondoka na vitabu vyao vya benki vikiwa safi na habari zao hazikuandikwa popote. Dada yetu Naomi Kipury alizikusanya hadithi za Wamaasai akazitoa katika kitabu mwaka 1983, na tunamshukuru, lakini kitabu hakiwezi kufika katika kila boma.

Kuhusu gharama: ngoma moja kubwa imenunuliwa kwa michango ya wanakamati, si kwa fedha za chama, na Mweka Hazina ameithibitisha risiti. Imewekwa nyumbani kwake, mahali pakavu, juu ya kabati, mbali na mbuzi. Wanaotaka kuandikisha majina ya wazee watakaosimulia wamwone Katibu mlangoni wakati wa kutoka.

Na binti ametuomba tuseme neno moja kwa niaba yake, kwa kuwa leo yuko shuleni. Yeyote aliyesikia kwa wazazi wake, awe wa kabila lolote, habari za mwanamke wa Nairobi aliyewapa uji watu wa Machakos mwaka 1938, akamchukua mtoto mwenye homa siku tatu, tafadhali amletee jina hilo kabla ya Jumamosi ya kwanza.